Safari ya Mzee Maganga Akiwa Mgeni

Ninyi vijana wa kikundi chetu cha waongoza wageni mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimestaafu mwaka huu baada ya masika, magoti yakiwa yameshatangulia kustaafu. Elimu yangu ni darasa la saba, shule ya kijijini kwetu Sindeni, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Kazi yangu ilikuwa kutembea na watu wanaotaka kutembea. Tulianzia Kwamsisi, tukaikata Handeni kwa njia za miguu hadi Sindeni, tukashuka Korogwe, tukavuka mto, kisha tukaufuata uwanda ulio chini ya milima ya Usambara mpaka Mombo. Hapo mgeni alipanda basi akarudi kwenye haraka zake. Njia yetu haina zaidi ya hayo. Anayetaka simba aende kwingine.

Sitaandika nani alikuwa kiongozi mwaka gani wala nani alilipwa nini. Nitaandika zaidi habari za Mzee Maganga, aliyenifundisha kazi, ambaye tulimzika vuli iliyopita. Wengi wenu mlimkuta ameshaacha kazi, mnamjua kama mzee wa kofia ya pama aliyekuwa akija kukagua kamba za mahema yenu na kuguna. Kabla ya kufa alitaka jambo moja: aitembee njia ile yote, kutoka Kwamsisi hadi Mombo, akiwa mgeni. Mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu nusunusu.

Siku yangu ya kwanza nilifika Kwamsisi na viatu vipya, nikijiona nimejiandaa. Mzee Maganga alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Akaniambia nivivue, akanipa makatambuga ya matairi yaliyokuwa makubwa kwangu. Halafu akaniuliza kabila langu. Nikasema Mzigua.

"Basi Mungu amenikumbuka," akasema. "Nimeletewa mtumwa."

Niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge, naye akazaliwa hapo hapo kambini. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, wao walipokuwa wakipita nchini kwetu na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua nyama sahanini mwako, au kuvaa koti lako na kuondoka nalo. Nawe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa, na watu watakucheka mpaka kwenye arusi ya wajukuu zako. Kwa hiyo tangu siku ile hatukuwahi kuitana kwa majina. Yeye aliniita Mzigua, mimi nilimwita Mzigo. Mvua ikitishia aliniambia niiroge ipite kando, maana sisi watu wa Handeni tunajulikana kwa uganga. Akichoka nilimwambia babu yake alizaliwa na furushi kichwani, aibu kwake kulalamika. Shikamoo nilimpa kila asubuhi, na aliitikia marahaba kwa heshima zote. Baada ya hapo tulitukanana mpaka jioni.

Aliyonifundisha mengi yalihusu miguu. Mgeni atembee kwao kila siku, wiki nyingi kabla, na viatu vile vile atakavyokuja navyo. Kucha zikatwe mapema, si asubuhi ya safari. Soksi zivaliwe ndani nje ili mshono usiguse vidole, na mafuta ya mgando yapakwe katikati ya vidole hata kama mgeni anaona haya. Maji yanywewe kabla ya kiu. Kuhusu mizigo alikuwa na utaratibu wake. Alimwambia mgeni atandaze kila kitu mkekani, akaokota kimoja kimoja, akauliza, "Hiki kitakubeba, au utakibeba?" Nimewahi kuona mtu akiacha Kwamsisi pasi ya umeme.

Jioni ni beseni la maji ya moto yenye chumvi. Mwongozaji anapiga magoti na kukagua miguu ya kila mgeni, awe waziri awe mwanafunzi. Malengelenge yanatibika. Lakini bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, uhesabu polepole, uachie. Shimo likijaa, sawa. Shimo likibaki, mwili umeanza kukusanya maji, safari ya mtu huyo imeisha, na hakuna mjadala. Mzee Maganga alinibonyeza mimi mwenyewe nikiwa mzima ili nijue mguu mzuri unavyorudi.

Wageni wagumu walikuwepo. Mmoja, bwana mwenye afya kutoka Dar es Salaam, alituona tunamchelewesha akatangulia mwenyewe kwenye mashamba ya mkonge. Kwenye mashamba ya mkonge mtu hana adui zaidi ya kujiamini. Kila mstari unafanana na mwenzake, na ukishageuka mara mbili hujui ulitokea wapi. Tulimpata mchana kwa sauti yake. Alikuwa amekaa chini akiimba nyimbo za kanisani, zote alizozijua, na alikuwa amefika zile za Krismasi. Mzee Maganga hakumcheka. Alimpa maji, akasema kwaya yake ni nzuri, twende.

Mwingine alikuwa mama mjane aliyetoka Arusha. Siku za mwanzo hakusema neno. Tulipoanza kuuacha msitu wa miombo na kushuka Korogwe, akaanza kuzungumza peke yake, taratibu, kama mtu anayemsimulia mwenzake habari za nyumbani. Nilitaka kumsogelea nimuulize kama anaumwa. Mzee Maganga alinishika mkono. Akapunguza hatua mpaka tukawa mbali kiasi cha kumwona bila kumsikia, tukaenda hivyo mpaka mtoni. Hakunieleza chochote, ila tangu siku ile nikajua kuna umbali ambao mgeni hana budi kuachiwa.

Watu huuliza kuna nini cha kuona. Nami sikuwahi kupata jibu zuri. Kuna udongo mwekundu, mihogo, mbuzi, watu wanaokwenda shambani na wanaosimamisha baiskeli ili wasalimie sawasawa. Lakini kuna saa fulani, aghalabu katikati ya asubuhi, ambapo miguu inaacha kulalamika na kichwa kinaacha kupanga. Unasikia nyayo zako kama za mtu mwingine anayekuja nyuma yako bila ubaya. Kengele za ng'ombe zinasikika na ng'ombe hawaonekani. Ukungu umelala juu ya mto kama nguo iliyosahauliwa. Halafu ukishavuka, milima ya Usambara inatokea upande wa kulia, mikubwa na ya bluu, haikaribii wala haiendi mbali, inatembea nawe. Wakati mwingine nilifika mahali na kushindwa kukumbuka nilivyofika, ilhali sikuwa nimelala. Mawazo yangu ya misiba yangu mwenyewe, na ninayo, yalikuwa yanatulia kwenye hatua kama mtoto mgongoni.

Mzee Maganga aliacha kazi moyo ulipoanza kumsumbua. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia atembee kidogo kidogo na apumzike sana. Akakaa nyumbani kwake Korogwe, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mkonge, na binti yake Agnesi, fundi cherehani pale sokoni. Mke wake alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nampitia kila nikitoka safari. Alitaka kujua kila kitu: kisima kipi kimekauka, daraja la magogo limebaki na magogo mangapi. Siku moja nilipomaliza kumsimulia akasema, "Mzigua, nimepita njia ile kuliko ng'ombe. Lakini sijawahi kuulizwa chai yangu iwekwe sukari kiasi gani."

Nilidhani ni utani. Nikamwambia Mnyamwezi akiacha kubeba dunia itainama upande. Hakucheka. Akasema anataka kwenda mara moja tu, yote, mpaka Mombo, bila kubeba hata kijiko.

Agnesi, aliyekuwa na kazi ya kushonea nyumbani siku ile, alitusikia. Akaacha kushona.

"Baba mdogo," akaniambia, "wewe na baba mkishakaa pamoja mnakuwa hamna akili. Akianguka huko porini nitamuuliza nani?"

"Utaniuliza mimi."

"Nitakuuliza kweli. Usifikiri nitakuonea haya."

Tulibishana siku nyingi. Mwisho Agnesi alikwenda mwenyewe hospitalini kuuliza, akarudi na sharti: dalili yoyote ikijitokeza kifuani au miguuni, baba yake anarudishwa nyumbani siku ile ile, popote watakapokuwa. Nikaahidi. Mzee Maganga naye akaahidi, ila aliahidi haraka mno, na nilimjua.

Maandalizi tuliyafanya kama ya mgeni yeyote. Kila asubuhi tulitembea barabara ya mashambani, kwanza hadi kwenye mti wa kwanza, baadaye hadi kwenye mashine ya mkonge, ambako makapi yana ile harufu yake chachu. Viatu alivaa vya kamba, laini, vilivyokwisha kumzoea. Nilimtandazia mkeka, nikaokota kimoja kimoja. Alikuwa ameficha sufuria ndani ya blanketi. Nikaiondoa.

Tulikwenda wakati wa kipupwe, njia ikiwa kavu na jua likiwa na adabu. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Bi Hawa, mpishi wetu wa miaka yote, mwanamke asiyesema sana ila akisema unakumbuka. Asubuhi ya kwanza pale Kwamsisi nilimuuliza chai yake iwekwe sukari kiasi gani. Akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua kiwanja.

"Vijiko viwili," akasema. "Na ukoroge wewe."

Kuwa mgeni kulimshinda mwanzoni. Moto ukififia aliinuka kuupuliza, na Bi Hawa akamfukuza kwa mwiko. Akaiba vyombo akavioshe, tukamnyang'anya. Siku ya pili alilala mchana chini ya kivuli, mdomo wazi, na alipoamka alituomba radhi. Bi Hawa akamwambia mgeni asiyejua kupumzika ni mzigo kuliko mizigo. Akalitafakari hilo. Kuanzia hapo alianza kutusumbua kama mgeni halisi. Uji mzito. Uji mwepesi. Kwa nini jogoo wa kijiji hiki anawika mapema. Nilifurahi sana, maana nilijua ameingia safarini.

Karibu na Sindeni alisimama ghafla akitazama kushoto.

"Kilima kile kimekuja lini?"

Nikamwambia kilikuwepo babu yake alipopita na furushi. Alikitazama kweli, mpaka nikaona hatanii.

"Sikuwahi kukiona," akasema. "Nilikuwa naangalia miguu ya watu."

Baada ya hapo hakuangalia chini kabisa. Nikawa natembea mbele yake nikiondoa mawe kwa fimbo, yeye akija nyuma na uso juu, akitaja vitu kwa sauti ndogo kama anavisomea majina: mti wa mkole, kunguru, moshi wa mkaa, mwanamke mwenye kanga ya njano. Mchana mmoja tulipita shamba lililoachwa, mtama umejiotea wenyewe, upepo ukiupitia kwa mawimbi.

Tulipofika Korogwe alikataa kulala kwake. Mgeni analala wanapolala wageni. Tukafunga hema kwenye uwanja wetu wa kawaida, na Agnesi akaja na wali na samaki. Akamkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha kukunja, amenyoosha miguu.

"Karibu, mama," Mzee Maganga akamwambia binti yake. "Samahani, mimi si mwenyeji hapa. Huyu mama anayepika samaki hivi ni wa nani?"

Agnesi alijaribu kukasirika akashindwa. Alimkagua miguu mwenyewe. Ilikuwa mizuri. Tukavuka mto asubuhi.

Kutoka hapo njia ni tambarare. Mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yanachoka, na maua yake yamesimama juu ya milingoti mirefu kama watu wanaongojea kitu. Milima ikaja upande wa kulia kama kawaida yake. Mzee Maganga alitembea vizuri, tena vizuri kuliko nilivyotegemea, na nilianza kuuona mwisho. Tulilala mara ya mwisho mahali ambapo asubuhi, hewa ikiwa safi, unaona mabati ya Mombo yaking'aa. Ni mwendo wa kabla ya mchana.

Asubuhi ile alikuwa ameshavaa soksi nilipofika na beseni. Alisema tuache, tutakagua Mombo. Nikapiga magoti, nikamvua. Nikabonyeza juu ya kifundo, nikaachia. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili. Nikabonyeza mguu wa pili. Likabaki.

"Linajaa," akasema.

"Halijajaa."

"Mombo ile pale, Mzigua. Naiona. Hata bibi kizee anafika."

Alikuwa mwalimu wangu, mkubwa wangu kwa umri, na alikuwa ametamani jambo moja. Ningemwambia kama mwanafunzi, angeniamuru ninyamaze, na ningenyamaza. Ningemwambia kama rafiki, angeniomba, na ningekubali. Nilijijua. Basi nilichukua viatu vyake vilivyokuwa pale kando, nikavua vyangu, nikavivaa vyake, nikafunga kamba, nikasimama.

"Nirudishie viatu," akasema.

"Viatu gani? Mimi nimejiokotea vyangu."

Alinitazama. Niliona hasira ikipanda, ikafika shingoni, ikakosa pa kwenda. Mtani amechukua. Bi Hawa aligeuka akajifanya anatafuta chumvi. Milima ilikuwa imetulia tu pale, na mahali fulani garimoshi la mizigo lilikuwa linapita, halionekani. Kisha mabega ya Mzee Maganga yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Vitakubana," akasema.

"Vimeshanibana."

"Vizuri. Basi mimi ni mgeni, na mgeni hajanywa chai."

Nilimpigia simu Agnesi, kisha nikachemsha chai. Tukamweka kwenye kiti, miguu juu ya mzigo, akiitazama milima, na mimi nikakaa chini pembeni yake. Sijui niwaelezeje asubuhi ile. Hatukwenda popote, lakini naikumbuka kama sehemu ndefu kuliko zote za njia. Wingu lilishuka kwenye bonde moja, likajaza, likatoka, likaenda kwenye la pili, kama mtu anayetembelea majirani. Alinionyesha njia za maji mlimani, nyeupe na nyembamba. Aliniuliza kama nimewahi kuziona. Nikasema hapana. Sikuwa nimewahi. Mimi pia nilikuwa naangalia miguu.

Agnesi alifika na bajaji, akashuka na maneno yake tayari. Baba yake alinyoosha mkono. "Mzigua, mpe mgeni mwenzangu chai. Muulize sukari." Agnesi akasimama na mkoba wake, akatutazama, akatazama miguu yangu iliyobanwa kwenye viatu vya baba yake. Akaketi. Akasema kijiko kimoja. Dereva wa bajaji naye akapewa. Waliondoka wakati jua limeshageuka kuangaza milima kutoka upande wetu, na Mzee Maganga hakuuliza habari za Mombo tena, siku ile wala siku nyingine. Mimi na Bi Hawa tulimalizia njia mpaka Mombo.

Alifariki vuli ilipoanza, asubuhi, akiwa kitandani. Wapo wanaosema safari ile ilimpunguzia siku. Agnesi alisema moyo ulikuwa umeshachoka zamani. Mimi sijui, na sitaandika nisilolijua.

Sasa kwenye msiba mtani ana kazi. Wenyewe wanalia, yeye anawachekesha, ili wasizame. Anaziba njia, anadai haki yake, anamsema marehemu, na jeneza halipiti mpaka aseme. Watu wote pale Korogwe walijua mtani wa Mzee Maganga ni nani, na mimi si mtu wa maneno mbele za watu. Usiku na mchana wa msiba nilikaa kimya kwenye jamvi. Hata waliokuja kunipa pole walinipa kwa sauti ya kunidai.

Jeneza likatolewa. Vijana wa mtaani walilibeba mabegani wakaenda mbio mbio, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya na makaburi yako mbali, nyuma ya kambi ya zamani. Nikatoka kwenye safu, nikaenda kusimama katikati ya barabara. Wakasimama. Watu wote wakasimama.

Agnesi alikuja mpaka mbele yangu, kanga imemfunika nusu ya uso. "Baba mdogo," akasema kwa sauti ndogo, "sema basi."

Nikawatazama wale vijana waliokuwa wakihema.

"Mnamkimbiza kwenda wapi?" nikasema. "Huyu ni mgeni wangu. Mwendo ni wake, si wenu."

Halafu Bi Hawa akacheka kwanza, huko nyuma, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, kikaenea kwa wanawake, kikawafikia waliobeba. Agnesi alijifunika uso wote, na mabega yake yakatikisika.

Nikageuka, nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia hatua zikipungua, zikapungua tena, mpaka zikawa hatua za mtu mmoja asiye na haraka. Mvua ilitukuta njiani, na hakuna aliyekimbia.